Mwalimu Nyerere, mkaguzi wa bei aliyekiri kosa la kufuta ushirika

KABLA ya kuitwa Baba wa Taifa, Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa darasani. Baada ya Makerere, mwaka 1946 alianza kufundisha Shule ya St. Mary's, Tabora. Watu wazima wa mjini aliwafundisha Kiingereza bila malipo.

Akiwa huko alifanya pia kazi ya ukaguzi wa bei kwa Serikali ya kikoloni. Alipita madukani kuangalia bei wanazotozwa wananchi, na akaandika taarifa za udanganyifu aliouona. Wakubwa hawakuzifanyia kazi. Akaiacha kazi hiyo.

Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh. Aliporejea, alifundisha Pugu, na Julai 7, 1954 akachaguliwa kuongoza TANU. Machi 1955, baada ya safari ya Umoja wa Mataifa, ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha mshahara, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Wakati huo huo, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakaunda vyama vyao vya kupima na kuuza zao hilo, na mwaka 1955 vikaungana chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Nyerere. Kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na KNCU tangu 1933.

Baada ya Uhuru ushirika ulipanuka haraka kuliko uwezo wa kuusimamia. Malalamiko ya makato na ubadhirifu yalizidi, hata tume ikaundwa mwaka 1966. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mamlaka za mazao zikashika ununuzi.

Mkulima hakupata nafuu. Mamlaka nyingi zilielemewa na gharama na madeni, malipo yakachelewa, naye hakuwa tena na mkutano mkuu wa kumwuliza mtu yeyote. Mwaka 1982 sheria mpya ilirudisha ushirika.

Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta ushirika na serikali za mitaa yalikuwa makosa. Mwaka uliofuata aling'atuka, akarudi kulima Butiama, kijiji alichozaliwa mwaka 1922. Alifariki Oktoba 14, 1999.

Ni viongozi wachache wanaokiri kosa wakiwa bado madarakani. Hata hivyo, kukiri hakukurudisha mara moja wahasibu, maghala na imani iliyojengwa kwa miaka mingi. Kwa mwanachama wa leo, somo ni kwamba chama kibovu hutibiwa kwa hesabu kusomwa hadharani na viongozi wabadhirifu kuondolewa kwa kura. Chama kikishafutwa, mkulima hubaki peke yake mbele ya mizani ya mtu mwingine.