Kabla Injini Haijafunguliwa, Ipimwe Kompresheni

Gari linapoanza kukosa nguvu mlimani, kutoa moshi wa buluu au kula oili, ushauri unaosikika mara nyingi ni mmoja: injini ifunguliwe. Kwa mwenye matatu, pikapu ya kubebea mboga au bodaboda, huo ni uamuzi mzito. Gharama ni kubwa, na chombo husimama siku kadhaa bila kuingiza shilingi. Kuna kipimo kifupi ambacho mwenye chombo anafaa kukidai kabla ya kukubali.

Kompresheni ni nini?

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kubana hewa na petroli kabla ya plagi kuwasha. Mbano huo ndio kompresheni. Ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi ndizo huzuia mbano usivuje. Kimoja kikiharibika, nguvu hupotea.

Jinsi ya kupima injini ya petroli

1. Injini ipate joto lake la kazi, kisha izimwe. Betri iwe imejaa chaji.
2. Mafuta na umeme wa plagi vikatwe, kisha plagi zote zitolewe.
3. Geji ya kompresheni ifungwe kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza.
4. Akseleta ikanyagwe mpaka mwisho na stata ipigwe mpaka sindano ya geji isipande tena. Kwa kawaida pistoni hubana mara tano hivi.
5. Namba iandikwe, na silinda zilizobaki zipimwe vivyo hivyo.

Betri dhaifu au akseleta isiyokanyagwa vizuri hutoa namba za chini hata kama injini ni nzima.

Namba zinasema nini?

Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya 120 na 180 PSI, lakini kiwango kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Linganisha silinda pia: ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa.

Tuseme namba ni 170, 165, 90 na 168. Silinda ya tatu ina shida. Fundi atie kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda hiyo na apime tena.

- Namba ikipanda sana, kwa mfano hadi 140, oili imeziba pengo la ringi. Ringi au ukuta wa silinda umelika.
- Namba ikibaki palepale, shida iko juu: valvu au gasketi ya hedi.
- Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi, hasa kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje.
- Zote zikiwa chini kwa kiwango kimoja, huenda mkanda wa taimingi umeruka. Ukaguliwe kwanza.

Kwa wenye bodaboda

Pikipiki ya silinda moja haina ya kulinganishwa nayo, hivyo namba ipimwe dhidi ya kitabu chake. Ikiwa chini na isipande baada ya oili, tapeti zikaguliwe kwanza. Tapeti zilizokaza huzuia valvu kufunga vizuri, na kuzirekebisha ni kazi ndogo kuliko kuchonga silinda.

Tahadhari

Injini ya dizeli hubana kwa nguvu zaidi, mara nyingi zaidi ya 300 PSI, na huhitaji geji yake maalum. Usitie oili kwenye silinda ya dizeli wakati wa kupima, inaweza kuwaka. Kwa injini yoyote, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto.

Kabla ya kulipa

Simama karibu wakati wa kupima na uandike namba zako mwenyewe. Uliza fundi kama ana cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA. Ukitilia shaka, peleka namba hizo kwa fundi wa pili. Tumia njia hiyo hiyo unaponunua gari kuukuu: muuzaji akikataa injini isipimwe, una sababu ya kutosha kutotoa pesa zako.