Nipe Vijiko Vinne

Mtoto wa miaka mitatu anahesabu hadi kumi bila kukosea, shangazi anapiga makofi. Sasa mwambie: nipe vijiko vinne. Huenda akachota vyote vinavyoenea mkononi akakukabidhi, roho yake safi kabisa. Karen Wynn, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya majaribio ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona kwamba mtoto hupata kwanza maana ya moja, baadaye mbili, kisha tatu, na kati ya hatua hizo hupita miezi. Orodha ya namba kaikariri zamani. Kutambua kwamba namba inayotajwa mwisho ndiyo idadi ya vitu vyote ni kazi nyingine.

Kwa hiyo wimbo wa namba peke yake hautoshi. Mtoto apange sahani, moja kwa kila mtu. Ahesabu nyanya za fungu, na akimaliza aulizwe, "Ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya, hajafika bado, na hakuna haja ya kumkaripia.

Mchezo nao unasaidia. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa familia za kipato cha chini nchini Marekani kwenye ubao wa vyumba 10 vilivyonyooka, vyenye namba. Vipindi vilikuwa vichache, vya robo saa hivi, lakini watoto hao walielewa ukubwa wa namba vizuri zaidi kuliko wenzao waliocheza kwenye ubao wa rangi tupu. Ubao kama huo unachorwa kwa chaki sakafuni. Ila kuna sharti moja: aliye kwenye 4 akipata hatua mbili, aseme "tano, sita", asiseme "moja, mbili".

Kiswahili kinampa mtoto wetu nafuu hapa. Kumi na moja, kumi na mbili: muundo wa namba unasikika wenyewe. Kevin Miller na wenzake walipolinganisha watoto wa China na wa Marekani mwaka 1995, hadi kumi hawakupishana sana. Baada ya hapo wanaosema Kiingereza, chenye majina yake ya ajabu ya 11 na 12, ndio waliokwama zaidi. Sisi tunakwama mbele kidogo, kwenye ishirini, thelathini na arobaini, zilizotoka Kiarabu na zisizofanana na mbili, tatu wala nne. Hapo mzazi aongeze: ishirini ni makumi mawili.

Katika kusoma, nafuu ni kubwa zaidi. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, wa mwaka 2003, ulionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Finland walisoma sawasawa karibu kila neno, na wale wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza, takriban theluthi tu. Kwa tahajia, Kiswahili kiko upande wa Kifini.

Lakini wepesi huo una mtego. Ba, be, bi, bo, bu huimbika hata ukiwa umegeukia dirishani. Mfunikie mtoto mstari wote, umwachie "bo" peke yake, ndipo utajua kama anasoma au anaimba. Na kabla ya herufi kuna sikio. Lynette Bradley na Peter Bryant walionyesha mwaka 1983, huko Uingereza, kwamba mtoto anayetambua neno lisilolingana na mengine kwa sauti huja kusoma vizuri zaidi, na kwamba mazoezi ya sauti yakiambatana na herufi hufaa kuliko ya sauti pekee. Pwani tuna kinyume, mchezo wa zamani wa kutanguliza silabi ya mwisho: maji yakawa jima, paka akawa kapa. Wazee waliona ni lugha ya siri, kumbe ni zoezi zuri la kusoma. Uchezeni, kisha mwandike hilo neno lililopinduliwa.

Msishangae mtoto akikwama kwenye "mtu". Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, waliandika mwaka 2003 kwamba hata lugha inayoandikwa kwa utaratibu si rahisi kuijulia tahajia. Pigeni makofi kwa silabi: m-tu, mawili, mbu-zi, mawili pia. Katika "mtu" m inajitegemea bila irabu. Katika "mbuzi" imejibana ndani ya silabi, na jicho peke yake haliwezi kuona tofauti hiyo.