Kuvuja mkojo si uzee wala si laana

Kuna tatizo ambalo wanawake wengi huficha hata mbele ya daktari. Mama huja akilalamika kuhusu mgongo, hupewa dawa, na anapoinuka kwenda zake ndipo hunong'ona kwamba akicheka, akikohoa au akiinua ndoo ya maji, mkojo humtoka. Mwingine husema anahisi kitu kizito kikishuka katika sehemu za siri, hasa jioni. Wengi wameishi hivyo kwa miaka wakiamini kwamba ni uzee, au kwamba hayo ndiyo malipo ya kuzaa.

Sivyo. Mara nyingi chanzo ni misuli iliyolegea, nayo inaweza kusaidiwa.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi mwisho wa uti wa mgongo nyuma. Misuli hii hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa. Pia husaidia kufunga njia za haja ndogo na haja kubwa. Kamba za kitanda zikilegea, anayelala hudidimia. Vivyo hivyo misuli hii ikilegea, mkojo huvuja na mfuko wa uzazi huweza kushuka ukeni.

Ni nini huilegeza?

Kwanza ni uzazi. Mtoto anapopita, misuli hunyooka mno na wakati mwingine huchanika, hasa mtoto akiwa mkubwa au uchungu ukiwa wa muda mrefu. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu huvuja mkojo baada ya kujifungua.

Pili ni mizigo. Mfikirie mama wa Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, ambako mahindi ndiyo tegemeo la nyumba nyingi. Mama akirudi shambani wiki chache baada ya kujifungua, akabeba kuni na maji, au akasaidia kuinua magunia wakati wa mavuno, kila mzigo husukuma misuli ambayo bado haijapona.

Mama wa mjini naye hajaponea. Unene, kikohozi kisichoisha, kukosa choo na kujikamua sana msalani hufanya madhara yale yale. Hedhi inapokoma, misuli na ngozi ya sehemu hizo hupungua nguvu zaidi.

Mazoezi yasiyo na gharama

Mwaka wa 1948, daktari Mmarekani Arnold Kegel alieleza mazoezi ya kuimarisha misuli hii. Hadi leo ndiyo tiba ya kwanza, nayo hufanywa hivi:

Kaa au lala. Kaza misuli kana kwamba unazuia hewa isikutoke, na wakati huo huo unazuia mkojo. Usikaze tumbo, mapaja wala makalio, na usizuie pumzi. Kaza huku ukihesabu hadi tano, kisha legeza kwa muda kama huo. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na kadiri unavyopata nguvu ongeza hadi kuhesabu kumi. Usifanye zoezi hili kila unapokojoa, kwani huweza kuzuia kibofu kisimalize mkojo.

Usikate tamaa baada ya wiki mbili. Misuli huhitaji miezi mitatu au zaidi. Kula mboga, maharagwe na matunda ili upate choo laini. Usijinyime maji kwa hofu ya kuvuja, maana mkojo mzito huwasha kibofu. Lakini punguza chai na kahawa, hasa ikiwa hamu ya kukojoa hukujia ghafla na hufiki msalani.

Mfuko wa uzazi ukiwa umeshuka, daktari anaweza kuweka pete maalumu ndani ya uke ya kuushikilia, au kushauri upasuaji. Ukiona damu, ukihisi uchungu unapokojoa, au ukishindwa kabisa kukojoa, nenda hospitali bila kungoja.

Nasuri ni jambo jingine

Mazoezi hayatibu nasuri. Hili ni tundu linalotokea uchungu unapoendelea kwa siku nzima au zaidi bila msaada. Kichwa cha mtoto hubana nyama za uke na kibofu dhidi ya mfupa, damu ikakosa kupita na nyama zikafa. Siku chache baadaye mkojo huanza kutiririka usiku na mchana, bila kikohozi wala kicheko. Mara nyingi mtoto huwa amefariki, na mama huachwa na huzuni, harufu na pengine hata mume kumkimbia.

Tundu dogo lililogunduliwa mapema huweza kuziba likiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Makubwa huhitaji upasuaji, na wengi hupona. Mjini Eldoret, hospitali ya Gynocare, iliyoanzishwa na Dkt Hillary Mabeya, imewatibu wanawake wengi wenye nasuri. Anayetoka pande za Ndalu aanzie hospitali ya Kitale, Webuye au Bungoma, aulize atakavyotumwa huko. Tangu 2013, Umoja wa Mataifa huadhimisha tarehe 23 Mei kuwa siku ya kutokomeza nasuri ya uzazi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msomaji, huenda wewe u mzima, lakini una mama, shangazi au dada mashambani. Ukienda kumwona, angalia. Je, ameacha kwenda kanisani? Hukataa safari ya matatu? Hufua leso kila mara na kukaa mbali na wageni? Ikiwa wewe ni mwanamume na ni aibu kumuuliza mamako, mtume mke wako au dada yako azungumze naye faraghani. Kisha mtoleeni nauli ya kwenda hospitali, na mmoja wenu amsindikize.