Hofu ya hesabu: mtoto anaitoa wapi?

Ndugu mfanyakazi, umetoka kazini, umechoka. Mtoto wako wa darasa la pili analeta daftari. Saba na nane ni ngapi? Ananyamaza. Unapaza sauti: « Jana ulijua, leo umesahau? » Sasa hata tano na tano hajui tena. Je, ni mjinga? Hapana. Anaogopa.

Sisi wenyewe tunajua jambo hili: mtu anayefokewa na mkubwa wake hukosea hata kazi aliyoizoea. Ndivyo ilivyo kwa mtoto. Ili ahesabu, lazima ashike namba kichwani kwa muda. Hofu ikiingia, inachukua nafasi ya zile namba. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitazama kwa mashine ubongo wa watoto wa miaka 7 hadi 9 walipokuwa wakihesabu. Kwa wale wenye hofu, sehemu ya ubongo inayohusika na woga ilifanya kazi sana, na zile za kufikiri hesabu zilifanya kazi kidogo.

Hofu hiyo pengine inatoka kwetu wazazi. Mwaka 2015 kulitoka uchunguzi mwingine wa Marekani, juu ya watoto 438 wa darasa la kwanza na la pili. Wazazi wanaoogopa hesabu walipowasaidia watoto mara nyingi kazi za shule, watoto hao walijifunza hesabu kidogo kuliko wenzao, na wakazidi kuiogopa. Lakini kusoma kwao hakukuharibika.

Maana yake si kumwacha mtoto peke yake. Tumsaidie bila kumtisha:

— Usianze ukiwa na hasira. Oga, kula, pumzika kwanza.

— Usiseme mbele yake: « Hata mimi hesabu ilinishinda. »

— Akikosea, usimpige. Mwulize: « Umefanyaje? » Mara nyingi ataona kosa mwenyewe.

— Mpe hesabu za nyumbani: tuko watu saba, sahani ziko tano, zinakosa ngapi? Mama akinunua meka mbili za unga, atarudishiwa franka ngapi?

Kazini, kofia ya usalama inalinda kichwa chako. Nyumbani, kichwa cha mtoto kinalindwa na sauti ya upole ya baba na mama.