Kigari cha zamani kinavyokula faida ya mayai na mihogo Kibaha, Kisarawe

ALFAJIRI, kabla foleni ya Barabara ya Morogoro haijashikana, magari madogo ya miaka ya 1990 hutoka Kibaha yakiwa na trei za mayai kwenye buti na viti vya nyuma. Upande wa Kisarawe, kirikuu zilizosheheni mihogo huteremka vilima vya Pugu na kupita Gongo la Mboto kuelekea masoko ya Dar es Salaam. Mchana mwenye gari akirudi huhesabu fedha, hutoa ya chakula cha kuku au ya vibarua waliochimba mihogo, na kinachobaki hukiita faida. Mafuta hayamo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa yalinunuliwa kidogo kidogo: ya elfu kumi jana, ya elfu tano asubuhi.

Chukua mfano wa Toyota Starlet ya cc 1300 inayokwenda kilomita 12 kwa lita. Kutoka Maili Moja hadi Kariakoo na kurudi ni kama kilomita 80, yaani lita 6.7. Kwa bei ya kukadiria ya Sh3,000 kwa lita, safari ni Sh20,000. Gari hiyo hiyo ikichoka, ikawa inakwenda kilomita tisa kwa lita, itakunywa karibu lita 8.9, ambazo ni Sh26,700. Kwa safari tatu za wiki, tofauti ni Sh20,000. Kwa mwezi ni Sh80,000, na hakuna siku hata moja ambayo mwenye gari huiona ikitoka mfukoni kwa mkupuo.

Mzigo nao una hesabu yake. Safari ya Sh20,000 ikibeba trei 60, kila trei ina Sh333 za mafuta. Ikibeba trei 30, kila trei ina Sh667. Mfugaji mwenye trei 30 anayemkataa mnunuzi anayefika bandani, kwa sababu tu Kariakoo wanatoa Sh500 zaidi kwa trei, anampelekea mchuuzi wa mjini mayai kwa hasara, na gari linachakaa juu yake. Wafugaji wawili wa jirani wakipakia gari moja kwa zamu, hesabu hubadilika kabisa.

Kujua gari linakunywa kiasi gani hakuhitaji fundi. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, fanya safari za kawaida kwa siku kadhaa, kisha jaza tena. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Kama mita ya kilomita imekufa, jambo la kawaida kwa magari haya, tumia njia ambayo urefu wake unajulikana. Anayeweka mafuta ya elfu kumi kumi hawezi kuipata namba hii, na huishia kukilaumu kituo cha mafuta.

Namba ikiwa mbaya, pa kuanzia ni vitu vya bei ndogo. Upepo wa tairi upimwe tairi zikiwa za baridi. Kiasi kinachotakiwa kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Chujio la hewa hujaa vumbi haraka kwa anayepita barabara za udongo kama za Maneromango na Mzenga. Plagi zilizokwisha na breki inayoshika nazo hula petroli.

Lipo jingine ambalo mafundi wa mitaani wenyewe husababisha: kung'oa thamostati ili injini isichemke. Injini ikikosa kifaa hicho huchelewa kupata joto, na kwenye gari la mfumo wa kompyuta, kompyuta huendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Rejeta iliyoziba ingezibuliwa tu.

Kwenye miteremko ya Pugu wapo madereva wanaoweka gia huru ili kubana matumizi. Gari lenye mfumo wa kompyuta likiteremka ndani ya gia, dereva akiwa ameachia mguu wa mafuta, hukata petroli lenyewe. Kwenye gia huru injini inahitaji petroli ili isizimike. Anayezima injini kabisa anabakiwa na breki nzito na mzigo unaomsukuma mgongoni.

Kirikuu za cc 660 zina sifa ya kunywa kidogo, na ni kweli zikibebeshwa kinachostahili. Japani zilitengenezewa mzigo wa kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Zikijazwa lumbesa, hupanda Kisarawe kwa gia ya kwanza, na sifa hiyo huishia hapo.

Uzito wa bei yenyewe unafahamika. Juni 2022 Serikali ilianza kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi, lakini Agosti mwaka huo petroli ilifika Sh3,410 kwa lita Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na ushuru wa mafuta ukaongezwa Sh40 kwa lita. Mwaka 2021 ikaongezwa tozo ya Sh100 kwa ajili ya barabara za vijijini. Gari linalokunywa sana, basi, linalipa pia kodi kuliko la jirani.

Baadhi wamehamia gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaofunga mitambo hiyo. Gesi ni nafuu kuliko petroli, ila foleni za vituoni zimekuwa ndefu, na mtungi hukaa kwenye buti, palepale trei zilipokuwa zinapangwa. Kwa teksi inalipa. Mfugaji apime buti lake kwanza.

Bei kikomo za EWURA hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na orodha huonyesha bei ya kila wilaya, zikiwamo Kibaha na Kisarawe, ambako lita huzidi ya Dar es Salaam kwa shilingi chache kutokana na usafirishaji. Anayeshuka mjini na mzigo anaweza kujaza huko kabla ya kurudi. Kuifuata petroli mjini na gari tupu ni kuichoma njiani.