Je, Wajua? Mzigo wa Likizo ya Kujipikia Hufungwa kwa Mwinuko

Shule zikifungwa mwezi Juni, mzazi wa Makongolosi huwa na safari mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kwenda kwa bibi, ambako hamna haja ya kubeba hata kijiko. Ya pili ni kwenda kupumzika mahali ambapo mtapika wenyewe, mtaosha vyombo wenyewe, na mkisahau chumvi mtakula bila chumvi. Makala haya ni ya safari ya pili. Lami imeshafika: kilomita 72 kutoka Mbeya hadi Chunya, kisha kilomita 39 kutoka Chunya hadi Makongolosi. Familia inaweza kuondoka alfajiri kwenye mji wa wachimba dhahabu na kulala ufukweni Matema, au kwenye baridi ya Kitulo. Kwenye ramani sehemu hizo zinaonekana kuwa jirani. Kinachozitenganisha hasa ni mwinuko, na mwinuko ndio unaoamua kipi kiingie kwenye begi na kipi kibaki nyumbani.

Je, wajua kwamba bonde la Ziwa Rukwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, jiji la Mbeya kama mita 1,700, uwanda wa Kitulo kama mita 2,600, na Ziwa Nyasa pale Matema halifiki mita 500? Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Mtoto aliyekuwa akicheza Matema kwa kaptula, akipandishwa Kitulo, amekwenda kwenye hewa yenye baridi zaidi kwa nyuzi 12 au 13, na usiku wa Juni na Julai huko juu majani huweza kuamka na sakitu. Sweta, soksi na kofia ya sufu vikae juu kabisa ya begi. Vikiwa chini, mtoto ataanza kutetemeka kabla hujafungua zipu.

Je, wajua kwamba maharage yale yale, sufuria lile lile na moto ule ule havitakupa chakula kwa muda ule ule? Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Matema huchemka kwa nyuzi 98 hivi, Mbeya mjini kwa 94, na Kitulo kwa 91. Ukiongeza kuni, maji yatatokota kwa fujo zaidi lakini hayatapata joto zaidi. Joto la ziada linaondoka na mvuke. Ndiyo maana maharage ya Kitulo hukawia na mama huanza kulaumu mbegu. Dawa yake ni presha kuka, ambayo hubana mvuke na kuyafikisha maji zaidi ya nyuzi 110 hata ukiwa mlimani. Ni chombo kizito, nakubali, lakini kwa familia ya watu sita inayopanda Kitulo mimi ningeacha viatu vya ziada kabla ya kuiacha. Kama hamna, lowekeni maharage usiku kucha, mwageni maji yale, kisha yachemke kwelikweli. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Kuyapika kwa joto dogo bila kuchemka hakuiondoi.

Hewa nyepesi ya mlimani ina mambo mengine. Kwenye mita 2,600 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Pakiti za biskuti na krispi zilizofungwa bondeni hufura njiani mpaka watoto wakadhani zimeharibika. Hazijaharibika. Lakini dumu la mafuta ya kula lililofungwa Kyela, kule bondeni, na kufunguliwa haraka Matamba, juu karibu na Kitulo, linaweza kurusha mafuta juu ya nguo zote, kwa hiyo msijaze mpaka shingoni na mfungue kifuniko taratibu. Jua nalo hukaza: mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, hata siku ya baridi. Kofia ya ukingo mpana ni ya kila mtoto. Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia hiyo, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua havikosi hata siku moja. Moshi hutengenezwa mafuta ya aina hiyo, yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Je, wajua kwamba mkaa ni hatari zaidi pale unapoonekana umetulia? Jiko likiwa limekolea, jekundu, bila moshi, watu wa nyanda za juu huliingiza chumbani ili walale kwa joto na kufunga dirisha. Mkaa huo bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikishajaa gesi hiyo haina nafasi ya kubeba hewa. Mtu huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, husinzia, na aliyekwishalala haamki kusikia dalili hizo. Gesi hii huua familia nzima kwa usiku mmoja, na huua hasa wageni waliozoea joto, ambao hawakubeba mablanketi ya kutosha. Kwa hiyo blanketi zito ni kinga ya uhai, na mtu kutoka Makongolosi, ambako usiku mwingi shuka hutosha, ndiye anayelisahau kwanza. Hesabuni blanketi moja kwa kila mtu, na jingine kwa kila kitanda. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kanga hupasha joto kitanda cha mtoto bila hatari hiyo. Jiko lilale nje.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, wenye kichwa cha kupikia juu yake, ndio rafiki wa safari za namna hii. Nao una tabia yake mlimani. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani hukwama ikikaribia sifuri yenyewe. Alfajiri ya Kitulo mwali unaweza kuwa mdogo na ukadhani muuzaji amekupunja. Subirini jua liuguse mtungi kidogo, au pikeni mahali palipokingwa upepo. Kamwe msiupashe mtungi kwa moto.

Je, wajua kwamba kuchemsha maji hakuondoi zebaki? Makongolosi iko kwenye eneo la dhahabu la Lupa, ambalo lilivuta wachimbaji kwa wingi tangu miaka ya 1920, na uchimbaji mdogo umetumia zebaki kunasia dhahabu kwa muda mrefu. Moto huua vijidudu, lakini madini mazito hubaki, na maji yakipungua kwa kuchemka, kilichobaki huwa kikali zaidi. Basi mkisimama njiani kujaza madumu, msijaze kwenye kijito kilicho chini ya karasha au sehemu ya kuoshea mchanga, hata kama maji yanang'aa. Jazeni nyumbani, kwenye chanzo mnachokiamini. Na lipo la vyombo: sufuria, sahani au sepeto lililowahi kuchomea dhahabu yenye zebaki lisiingie kwenye mzigo wa jikoni, hata likisuguliwa kwa mchanga siku nzima. Kule Minamata, Japani, watu walianza kuugua kwa kula samaki wa ghuba iliyochafuliwa kwa zebaki ya kiwandani. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mwaka 2013 mataifa yaliupa mkataba wa kudhibiti zebaki jina la mji huo.

Kwa maji ambayo shida yake ni vijidudu tu, kuna njia isiyohitaji kuni. Jazeni maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zilazeni juani kwa angalau saa 6, na mionzi ya jua itafanya kazi. Siku ya mawingu mazito njia hii haitoshi. Chemsheni.

Mkielekea kaskazini kwa barabara ya Rungwa, au mkienda Hifadhi ya Ruaha, fungueni begi la nguo na mwondoe kila kitu cha bluu nzito na cheusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo. Wataalamu wanaowatega hutumia vitambaa vya bluu na vyeusi, na mtoto aliyevaa sare ya shule ya bluu anakuwa mtego unaotembea. Kaki, kijani kilichofifia na rangi ya udongo ni salama zaidi. Mbung'o hung'ata mchana na hupenya kitambaa chepesi, kwa hiyo suruali iwe nzito kidogo.

Chandarua je? Hapa mwinuko unarudi tena. Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu hushindwa kukua ndani ya mbu hewa ikishuka chini ya nyuzi 16 hivi, ndiyo maana malaria ni adimu Kitulo na ni ya kila siku Kyela na Rukwa. Lakini msafiri hapiti mahali pamoja. Chukueni chandarua hata kama mnakwenda Kitulo, kwa sababu mtalala njiani.

Tukija kwenye chakula, kosa kubwa ni kubeba kingi. Mchele wa Makongolosi kwenda Kyela ni mzigo wa bure. Mtanunua huko mchele unaosifiwa nchi nzima. Ndizi na parachichi zinasubiri Tukuyu, viazi mviringo vipo Uyole, na samaki wabichi wako Matema. Bebeni vitu ambavyo ni vigumu kuvipata mkiwa na njaa saa mbili usiku: unga, chumvi, mafuta, majani ya chai, sukari, viberiti viwili katika mifuko tofauti, na dagaa wakavu. Sembe hudumu kuliko dona, kwa kuwa dona bado ina kiini cha punje chenye mafuta, nayo mafuta hayo huchacha. Mayai msiyaoshe kabla ya safari. Ganda lina utando mwembamba wa asili unaozuia vijidudu kupenya, na maji huuondoa. Asali ya misitu ya miombo ya Chunya ibebeni bila wasiwasi, haiharibiki, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Asali yoyote inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la mkubwa huzishinda na tumbo la mtoto mchanga haliwezi.

Nimetaja chumvi, nami siwezi kuipita Ivuna hivihivi. Ivuna iko kusini mwa Ziwa Rukwa, na watu walikuwa wakipika chumvi hapo kutoka kwenye chemchemi tangu takriban karne ya 13. Tarehe 16 Desemba 1938 kikaanguka karibu na hapo kimondo chenye uzito wa gramu 705 tu. Kimondo hicho ni cha aina adimu kiasi kwamba kundi lake lote duniani limepewa jina la Ivuna. Chombo cha Japani kilipoleta udongo wa sayari ndogo Ryugu mwaka 2020, wanasayansi waliupima na kukuta unafanana na vimondo vya kundi hilo. Wasimulieni watoto mkiwa mnakoroga mboga. Wana haki ya kujua kwamba jina la kijiji cha jirani yao limo katika vitabu vya anga.

Je, wajua kwamba mwaka 1880 mpelelezi wa Kizungu Joseph Thomson aliliona Ziwa Rukwa, na kwamba aliyeongoza msafara wake alikuwa James Chuma, mmoja wa waliousindikiza mwili wa mmisionari Livingstone hadi pwani? Mpagazi wa misafara ile alibeba kilo 30 hivi, na sehemu kubwa ilikuwa vitambaa na shanga, maana hizo ndizo zilizokuwa fedha za kununulia chakula njiani. Leo pia fedha ina mahali pake: malango ya hifadhi za taifa hayapokei noti mkononi, kwa hiyo hakikisheni simu au kadi ina salio kabla mtandao haujakatika.

Kwa wanaopanda Kitulo, barabara ya Chimala kwenda Matamba huitwa Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Tangawizi mbichi ya kutafuna humsaidia mtoto anayetapika garini, nacho kiti cha mbele kinasaidia zaidi. Huko juu, watoto waambiwe mapema kwamba maua hayachumwi. Viazi vya okidi, chikande, vilichimbwa kwa mamilioni na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chakula, na kulinda maua hayo ndiko kulikoifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani kabisa, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukindu na gunia tupu la unga hufanya kazi zote mbili, kwenda na chakula na kurudi na taka.

Mwisho wa yote, msijaze gari hadi darini. Siku ya Jumamosi pale Lyulilo, karibu na Matema, kuna soko la vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, na ni vigumu kuondoka mikono mitupu. Kifungeni chungu kwa kanga, kijazwe nguo kwa ndani ili kisipasuke, na kisikae upande mmoja na mtungi wa gesi.