Sufuria za stenlesi: tusidanganywe na kung'aa

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tunanunua sufuria za stenlesi kwa seti, za kutumia wenyewe au za kupeleka nyumbani. Dukani zote zinang'aa, lakini si zote zinapika vizuri.

Kwanza tuangalie kitako. Chuma hiki hakisambazi moto vizuri, ndiyo maana sufuria bora huwekewa aluminiamu katikati ya matabaka mawili ya chuma. Kitako kikiwa chembamba, wali wa nazi utaungua katikati huku pembeni ukiwa bado mbichi. Basi tuinyanyue kabla ya kulipa: iliyo nzuri ni nzito.

Pili, tusome namba. 18/10 maana yake ni asilimia 18 ya kromiamu, inayozuia kutu, na asilimia 10 ya nikeli. 18/0 haina nikeli; inamfaa mwenye mzio wa nikeli, ingawa hushika kutu kwa urahisi zaidi.

Tatu, wenye jiko la indaksheni waende na sumaku. Isiponasa kitakoni, sufuria hiyo haitapata moto.

Mwisho, tutikise vishikio; visilegee.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Bora sufuria moja imara kuliko seti nzima ya kujutia.